Dhahabu, Mwanga na Dawa Isiyoonekana kwa Macho

Mada ya leo ina majina magumu mawili matatu. Tutakwenda nayo taratibu. Penye ugumu tutasimama, tutarudia, kisha tuendelee.

Nianze na swali. Nani kati yetu hajawahi kupimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, kile kijiplastiki cheupe chenye kidirisha? Unachomwa kidole, tone la damu linawekwa, matone ya maji maalumu yanafuata, kisha unasubiri robo saa hivi huku ukimwangalia mhudumu usoni. Unatokea mstari mmoja mwekundu, au inatokea miwili. Sasa je, umewahi kujiuliza wekundu ule unatoka wapi? Wengi wanadhani ni damu yao. Hapana. Katika vipimo vingi vya aina hii, wekundu ule ni dhahabu. Ndiyo, dhahabu hii hii ya pete na mikufu, ila imetengenezwa ikawa chembe ndogo mno, zenye upana wa nanometa 20, 30, labda 40. Na nanometa moja ni nini? Chukua milimita moja, ile nafasi ndogo kabisa kwenye rula ya mwanafunzi, uigawe mara milioni moja. Kipande kimoja ndicho nanometa.

Dhahabu ikifikia udogo huo haiwi ya njano tena. Inakuwa nyekundu. Kwa nini? Shikilia swali hilo, tutalijibu baadaye kidogo, maana jibu lake ndilo linalobeba mazungumzo yote ya leo.

Na jambo lenyewe la leo ni hili: chembe kama hizo za dhahabu, na nyingine za fedha ya masonara, zinawasaidia wanasayansi kuitambua dawa kwa kuimulika tu, hata pale dawa hiyo ilipo kidogo kiasi kwamba vifaa vya kawaida havioni kitu. Narudia: kuitambua dawa kwa mwanga, hata ikiwa kidogo sana, kwa msaada wa chembe za metali.

Tuanzie mbali kidogo. Twende baharini, mwaka 1921. Mwalimu mmoja wa fizikia wa mji wa Kolkata, Chandrasekhara Venkata Raman, alikuwa melini akirejea India kutoka Uingereza. Meli inaitwa Narkunda. Ilipokuwa inakata Bahari ya Mediterania, ule ubuluu wa maji ulimnyima raha. Wakubwa wa fizikia wa zama zile walikwisha kusema kwamba bahari ni buluu kwa sababu inaakisi anga. Raman hakuridhika. Alikuwa na kifaa kidogo cha kuchuja mwanga, kinachotosha mfukoni, na kwa kifaa hicho akaukata ule mng'ao wa anga unaoakisiwa juu ya maji. Unajua aliona nini? Ubuluu ulibaki pale pale. Ulikuwa unatoka ndani ya maji yenyewe.

Alipofika Kolkata hakulala. Kwa miaka kadhaa, yeye na vijana wake waliangaza mwanga kwenye vimiminika vya kila namna, wakitazama namna unavyotawanyika. Kifaa chao hakikuwa cha fahari: mwanga wa jua mwanzoni, baadaye taa ya zebaki, vichujio vya rangi, na jicho la mtu. Tarehe 28 Februari 1928, Raman na msaidizi wake K. S. Krishnan wakapata walichokuwa wakikitafuta, na mwaka 1930 Raman akapewa Tuzo ya Nobel. Mpaka leo India huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kuwa siku ya sayansi ya taifa.

Waliona nini hasa? Tulia hapa. Ukimulika kitu kwa mwanga wa rangi moja, karibu mwanga wote unaotawanyika unatoka na rangi ileile. Kijani kinaingia, kijani kinatoka. Lakini kuna sehemu ndogo sana inayotoka ikiwa imebadilika rangi kidogo. Kwa nini ibadilike? Kwa sababu molekuli hazitulii. Atomi zake zimeungana, na miunganiko hiyo inatikisika usiku na mchana: mmoja unajivuta na kujirudisha, mwingine unapinda, pete nzima ya atomi inapanuka na kusinyaa. Mwanga unapoigusa molekuli, mara chache mno huachia nguvu kidogo kwenye mtikisiko huo, nao hutoka umepungukiwa, rangi yake imesogea upande wa wekundu.

Na hapo ndipo dawa inapojisema yenyewe. Kila molekuli ina mitikisiko yake. Parasetamoli ina yake, aspirini ina yake, kwinini ina yake. Ukizipanga zile rangi zilizobadilika kwenye mchoro, unapata mstari wenye vilele, vingine virefu, vingine vifupi, na mpangilio wa vilele vya dawa hii si wa dawa ile. Fundi mzoefu anautazama mchoro na kusema, hii ni fulani. Siku hizi kompyuta ndiyo inayolinganisha, na inachukua sekunde chache. Kazi hii yote ya kuisoma dawa kwa mwanga ndiyo inayoitwa spektroskopia ya Raman.

Sasa tatizo. Nimesema sehemu ndogo sana ya mwanga hubadilika. Ndogo kiasi gani? Katika kila chembe milioni 10 za mwanga zinazotawanyika, karibu moja tu. Moja! Nyingine zote zinarudi kama zilivyokwenda, hazina habari. Kwa kidonge kizima hilo si neno, kwa sababu ndani yake mna molekuli zisizohesabika. Lakini je, kama dawa ni kiasi kisichoonekana kwa macho, kimeyeyuka ndani ya mililita moja ya damu? Hapo Raman ya kawaida inakaa kimya.

Na kuna kero ya pili. Vitu vingi vikipigwa leza hung'aa vyenyewe, kama zile rangi za kalamu za kuwekea alama kwenye vitabu. Mng'ao huo ni mkali mara nyingi kupita ule mwanga mdogo tunaoutafuta, na unaufunika wote. Ule unga wa heroini wa rangi ya kahawia, ambao umewamaliza vijana wetu wengi mwambao huu, una tabia hiyo. Ukiumulika, skrini inajaa mng'ao, vilele huvioni.

Haya, tusogee. Mwaka 1974, kwenye Chuo Kikuu cha Southampton, kusini mwa Uingereza, watu watatu walikuwa wakifanya jaribio ambalo halikuhusu dawa hata kidogo. Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walitaka kuona kinachotokea kwenye uso wa metali iliyo ndani ya maji na umeme ukipita. Walitumia kipande cha fedha, na kemikali iitwayo piridini, ambayo kama umewahi kuinusa utakumbuka vundo lake siku nzima. Ili piridini nyingi zaidi ipate pa kukaa, waliukwaruza uso wa ile fedha kwa umeme, wakigeuza upande wa umeme huo mara mamia, uso ukawa na mashimo na vinundu. Wakamulika leza. Vilele vya piridini vikatokea vikali kupita matarajio.

Wao walielezaje? Walisema: uso umekwaruzwa, eneo limeongezeka, kwa hiyo piridini ni nyingi, kwa hiyo mwanga ni mwingi. Maelezo mazuri, yanaingia akilini, na hayakuwa sahihi. Miaka mitatu baadaye, 1977, makundi mawili yasiyoshauriana yalipiga hesabu. Moja ni la Richard Van Duyne na mwanafunzi wake David Jeanmaire, kule Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago. Jingine ni la Albrecht na Creighton, Chuo Kikuu cha Kent. Wote wakasema: hata ukilikuza eneo la fedha namna gani, hesabu haitoshi. Mwanga umeongezeka kama mara laki moja, hadi milioni. Piridini haijaongezeka kiasi hicho. Metali yenyewe inafanya kitu.

Nipenyeze jambo moja hapa. Huyu Fleischmann ndiye yule yule ambaye mwaka 1989, akiwa Utah na mwenzake Pons, alitangaza kwamba wamepata nishati ya nyuklia ndani ya chupa ya maji mezani, dunia nzima ikasimama, na wengine waliporudia hawakuipata. Watu wengi wanamkumbuka kwa hilo tu. Mimi naona si haki. Kile kipande chake cha fedha kilichokwaruzwa kimezaa tawi zima la sayansi.

Sasa metali inafanya nini? Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo tunapolijibu lile swali la wekundu. Ndani ya dhahabu au fedha kuna elektroni zisizofungwa na atomi yoyote, zinazurura. Mwanga ni mvutano wa umeme unaobadilika upande haraka ajabu, huku na huku, huku na huku. Ukiipiga chembe ya dhahabu, unazivuta elektroni zote upande mmoja, kisha upande wa pili. Mfikirie mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo ovyo, bembea inagombana nawe. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa mpigo wake yeye, anapaa juu hata kama mkono wako hauna nguvu. Elektroni za chembe ya dhahabu nazo zina mpigo wake. Mwanga ukija kwa mpigo huo huo, zinayumba kwa pamoja kwa nguvu kubwa. Wataalamu huuita myumbo huo plazmoni.

Kwa chembe ndogo ya dhahabu iliyo ndani ya maji, mpigo huo ni wa rangi ya kijani. Kwa hiyo chembe inakula kijani, na kinachobaki kukifikia jicho lako ni nyekundu. Umeona? Wekundu wa kile kipimo cha malaria ni elektroni za dhahabu zinazoyumba.

Zinapoyumba hivyo, pembeni kabisa ya chembe, umbali wa nanometa chache tu, mvutano wa umeme unakuwa mkali mara nyingi kuliko ule wa leza iliyouamsha. Molekuli ya dawa ikiwa imekaa pale, inafaidi mara mbili: mwanga unaoingia umekuzwa, na mwanga unaotoka nao unakuzwa. Ndiyo maana hesabu yake inapanda haraka. Mvutano ukikua mara 10, vilele vya dawa vinakua kama mara 10,000. Na mahali pazuri kuliko pote si juu ya chembe moja. Ni katikati ya chembe mbili zilizokaribiana zikaacha upenyo wa nanometa moja hivi. Molekuli ikinasa kwenye upenyo huo, inaonekana hata ikiwa peke yake. Sitii chumvi: mwaka 1997 makundi mawili, la Shuming Nie na Steven Emory huko Indiana, na la Katrin Kneipp na wenzake, yalitangaza kila moja kwa njia yake kwamba yameipata ishara ya molekuli moja ya rangi. Moja.

Na ile kero ya mng'ao? Metali ikiwa karibu sana inaunyonya mng'ao huo, unafifia, vilele vinabaki wazi. Kwa hiyo tunapata mambo mawili kwa mpigo mmoja: sauti ya dawa inapanda, kelele inashuka.

Pengine msikilizaji unasema, haya yote lazima yahitaji mtambo wa mabilioni. Basi nikupeleke maabara uone chembe hizi zinavyopikwa, na nasema zinapikwa kwa sababu ni kupika hasa. Unachukua chupa ya kioo. Kwanza unaiosha kwa mchanganyiko wa asidi mbili kali, ule ambao masonara wanaujua kwa kuyeyushia dhahabu, kisha unaisuuza kwa maji yaliyotoneshwa, tena na tena. Usipoosha hivyo, uchafu mdogo tu unaharibu kazi ya asubuhi nzima. Unaweka maji safi, unatia chumvi ya dhahabu kiasi kidogo, maji yanapata umanjano hafifu. Unachemsha huku unakoroga. Yakishatokota, unamimina kwa mara moja sitrati, chumvi ya asidi ileile iliyomo kwenye ndimu.

Sasa usiondoe macho. Umanjano unapotea, chupa inakuwa nyeupe kama maji matupu. Unadhani umekosea. Baada ya muda mfupi kunaingia kijivu, kama moshi, kinakolea kikielekea weusi, halafu zambarau, halafu, ndani ya dakika chache, wekundu wa damu ya mzee. Unauinua kwenye dirisha, umetakata, hauna mashapo. Njia hii ilielezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951, lakini wekundu wenyewe ulikwisha kumshughulisha Michael Faraday huko London mwaka 1857, na baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa kwenye ile Taasisi ya Kifalme alikofanyia kazi. Kwa fedha, mapishi yanayotumika sana ni ya Lee na Meisel, ya mwaka 1982: mtungo ni ule ule, chumvi ya fedha, sitrati na moto. Fedha inakuza mwanga zaidi ya dhahabu, ila inachakaa upesi. Dhahabu haichakai.

Ukitaka kuivuruga kazi yako, tia maji ya bomba. Au maji ya kisima cha pwani chenye chumvi chumvi. Chembe zilikuwa zinasukumana kwa sababu sitrati imezivika chaji hasi. Chumvi inaondoa msukumano huo, zinakumbatiana, wekundu unageuka buluu mbele ya macho yako. Lakini sikiliza hapa, ndipo penye ujanja: huo uharibifu, ukiufanya kwa kipimo, ndio tunaoutaka. Chembe zikikumbatiana kidogo, zinapatikana zile nyufa za nanometa moja. Kwa hiyo mtaalamu anatia dawa anayoitafuta, anatia chumvi kidogo kwa makusudi, anasubiri, anamulika. Akiwahi mno, hakuna kitu. Akichelewa, chembe zimeshikana zikawa mabonge na zimezama chini ya chupa kama vumbi jeusi. Ana dakika chache za kufanya kazi yake. Maabara nyingi leo zinakwepa presha hiyo kwa kuzikausha chembe hizo juu ya karatasi au kioo, unadondosha sampuli na kumulika.

Tumefika pagumu, na nitapasema mara mbili. Chembe ya metali inasaidia dawa iliyoisogelea tu. Narudia: iliyoisogelea tu. Ukiwa nanometa kadhaa mbali, umekosa. Sasa dawa gani zinaisogelea metali? Zile zenye salfa, na zile zenye nitrojeni iliyokaa mahali pazuri, hushika dhahabu au fedha bila kubembelezwa. Nyingine zinapita pembeni hazina habari. Je, hili lina maana gani kwetu?

Tuchukue dawa mseto ya malaria, ile inayoitwa ALU, vidonge vya njano mnavyovijua. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Lumefantrini ina pete za atomi zinazotikisika kwa nguvu, na ina nitrojeni. Mwanga unaiona vizuri. Artemetha, ambayo ndiyo inayoshambulia vijidudu mwanzoni kabisa, ni kidogo mara sita, haina pete za namna ile, na haina hata atomi moja ya nitrojeni. Kwa hiyo ukimulika kidonge, lumefantrini inajaza skrini na artemetha inajificha nyuma yake. Utasema, basi tuongeze dhahabu. Lakini artemetha haina cha kuishikia dhahabu! Chembe zako zitaipaaza lumefantrini, ambayo tayari ilikuwa inasikika, na ile unayoitaka itabaki kimya. Mhalifu anayepunguza artemetha na kuacha lumefantrini nyingi ili akuibie, kifaa hiki hakimkamati kirahisi.

Nalisema hili kwa sababu nimechoka na habari za magazetini kwamba teknolojia ya nano imemaliza tatizo la dawa bandia. Tatizo lenyewe ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa moja ya dawa katika kila 10 ni duni au bandia. Lakini kwa kidonge cha kawaida, chenye miligramu 500 za dawa, dhahabu ya nini? Spektrometa ya mkononi ya Raman, bila chembe yoyote, inatosha. Nigeria, kupitia mamlaka yake ya dawa, NAFDAC, ilianza kuvitumia vifaa hivyo mwaka 2010. Tanzania kwa miaka mingi imetumia Minilab, sanduku la Kijerumani lenye vioo, kemikali na vibao vya kutenganishia dawa, ambalo halihitaji leza hata kidogo. Daktari au mfamasia wa wilaya akiniuliza aanze na nini, nitamwambia aanze na sanduku hilo, na fundi anayelijua.

Sasa dhahabu ifanye kazi gani? Ifanye kazi pale dawa ilipo kidogo na ina salfa au nitrojeni ya kuishikia metali. Na ziko sehemu mbili ninazoziona zina maana.

Ya kwanza ni madawa ya kulevya. Kule Marekani na Kanada kuna fentanili, dawa ya usingizi na maumivu yenye nguvu mara 50 hadi 100 kuliko mofini. Wauzaji wanaichanganya kwenye unga mwingine, asilimia moja au mbili tu, na hiyo inatosha kuua. Mwaka 2022 pekee, watu zaidi ya 70,000 walikufa Marekani kwa dawa za kundi hilo. Raman ya kawaida haioni asilimia moja ndani ya unga unaong'aa. Lakini fentanili inapenda metali. Kwa hiyo kwenye kisiwa cha Vancouver, Kanada, kuna huduma ambako mtumiaji analeta punje ya alichonunua, bila kuulizwa jina, inayeyushwa, inawekwa pamoja na chembe za dhahabu, inamulikwa, anaambiwa kuna nini ndani. Wapo watakaosema huko ni kumlea mlevi. Mimi nasema maiti haiachi ulevi.

Ya pili iko hospitalini, na hii ndiyo inayonigusa zaidi. Kuna dawa ya saratani iitwayo methotrexate. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kujaribiwa kwa watoto wa Afrika wenye ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958. Mpaka leo inatumika kwa saratani za damu na za mifupa za watoto. Ikitolewa kwa kiwango kikubwa inaua saratani, lakini ikikawia mwilini inaharibu figo na uboho. Kwa hiyo mtoto anapewa, kisha damu yake inapimwa saa 24 baadaye, na 48, na 72, na kwa kila jibu daktari anaamua aongeze kiasi gani cha dawa ya kumkinga na sumu hiyo. Bila jibu, unamtibu mtoto ukiwa umefumba macho. Mashine za kupimia ni ghali, vitendanishi vyake ni ghali zaidi, na hospitali nyingi za ukanda huu hazina. Madaktari wengine wanaamua kupunguza kiwango, kwa hofu, na huwezi kuwalaumu.

Methotrexate ina pete zilizojaa nitrojeni. Inashika fedha na dhahabu vizuri sana. Ndiyo maana watafiti wengi wameichagua kuwa dawa ya kujaribia: tone la damu, chembe za metali, leza, jibu ndani ya dakika. Mbona basi hatuna kifaa hicho wodini? Kuna mambo mawili yanayokwamisha. Moja, damu ina protini tele, nazo zinaikimbilia metali na kuifunika kabla ya dawa haijafika; lazima uzichuje kwanza, na kuchuja ni hatua, na kila hatua inataka mikono na umeme. La pili ni zile nyufa za nanometa moja. Hazigawanyiki sawasawa. Mwaka 2008 watafiti wa Illinois walizihesabu kwenye uso mmoja wa fedha: sehemu kali kuliko zote zilikuwa 63 tu katika kila milioni moja, lakini ndizo zilizotoa karibu robo ya mwanga wote. Sasa fikiria. Molekuli chache zikiangukia humo leo, na kesho ziangukie kwingine, jibu la leo na la kesho yatafanana? Kujua kwamba methotrexate ipo, hilo ni rahisi. Kusema ni kiasi gani, na kusema hivyo hivyo kesho, na mwenzako wa hospitali nyingine naye aseme hivyo hivyo, hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Mwaka 2020 maabara 15 za Ulaya zilichapisha jaribio la kupima kitu kimoja, adenini, kwa mapishi yaliyoandikwa sawa, na hata hivyo majibu ya maabara na maabara yalitofautiana zaidi ya inavyotakiwa.

Njia inayonipa matumaini ni ya kitoto kabisa kwa werevu wake. Unatia ndani ya sampuli kiasi kinachojulikana cha methotrexate ile ile, ila baadhi ya atomi zake za hidrojeni zimebadilishwa kwa hidrojeni nzito. Kwa metali hizo ni pacha, zinashika sawasawa na kuangukia nyufa zile zile. Kwa mwanga, vilele vyao vimeachana kidogo. Nyufa ziwe nyingi au chache, pacha wote wawili wanapanda na kushuka pamoja, na wewe unalinganisha tu urefu wa vilele vyao. Kipimo kinachoyumba kinakuwa na cha kushikilia.

Saa yetu imekwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Mwenye swali kuhusu chembe, leza au hiyo ALU ya njano, atuandikie ujumbe mfupi kama kawaida. Yale mazuri tutayasoma wiki ijayo kabla hatujaingia kwenye mada ya friji za chanjo na umeme wa jua.